Dubu Niliyemwita Bosi

Wanangu mnaoingia kazi ya kufuata nyayo, kabla sijaanza kujifanya mjuzi niwaeleze kwanza upumbavu wangu mwenyewe, maana mkiusikia kwa mtu mwingine atautia chumvi. Siku moja, kwenye mianzi ya milima iliyo kaskazini mwa jiji la Guangzhou, Uchina, nilimfuata dubu aliyejeruhiwa kwa karibu saa nzima huku nikimpigia kelele, kwa adabu kabisa, kwamba atoke njiani asije akadhurika.

"Laoban!" niliita. Guangzhou kila mtu ni laoban, yaani bosi, mwenye duka na asiye na hata meza. "Laoban, rudi! Huko kuna dubu!"

Bosi hakujibu. Nikamwona mtu wa kiburi.

Kosa lenyewe lilikuja hivi. Nilikuta alama ya mguu kwenye tope: kisigino, unyayo, vidole vitano. Mimi nilizoea nyati, simba na chui, wanyama wanaotembelea kwato au ncha za vidole. Dubu nilikuwa nimemwona kizimbani tu, na hata huko sikuwahi kumtazama miguu. Kwa hiyo nikasema moyoni, mkulima gani huyu asiye na viatu amekuja kutuvurugia njia? Nikaenda kumtafuta nimgombeze. Mtu akishafikisha miaka ishirini kazini hakosei kwa wasiwasi tena, anakosea kwa uhakika.

Haya, mkimaliza kucheka tuendelee.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Napenda kandambili zangu, kiti changu, chai ya tangawizi na mlango uliofungwa. Shule niliishia kidato cha nne, nikachukua kazi ya traka, mfuata nyayo, kwenye kambi ya uwindaji kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na kwetu. Nikasifiwa kwamba nawapata upesi wanyama waliojeruhiwa. Walidhani ni kipaji. Nilikuwa na hamu ya kurudi nyumbani, basi.

Aliyenifundisha ni Mzee Kitundu, mtu mfupi aliyeongea kidogo na kukohoa sana. Siku yangu ya kwanza nilikimbilia tone la damu nikalikanyaga. Akanishika shati. "Damu usiikanyage," alisema. "Tembea pembeni yake, kama unavyompisha mkweo njiani. Ukipotea, utarudi kuiuliza. Ukishaikanyaga, utamuuliza nani?" Akanifundisha na rangi zake. Nyekundu yenye povu ni ya mapafu, mnyama hayuko mbali. Nyeusi nzito ni ya ini, mpe muda. Ukikuta majimaji yenye harufu ya utumbo, kaa chini, kunywa chai, usimfuate kabla ya saa kadhaa kupita, maana ukimharakisha utampeleka mbali na kumwongezea mateso, naye ataongeza hasira. Nilimpenda sana Mzee Kitundu kwa somo hilo la kukaa chini.

Na Guangzhou nilifikaje? Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, bustani moja ya wanyama pembezoni mwa jiji lile ilinunua pundamilia kutoka kwetu. Akatakiwa mtu wa kusafiri nao na kuwalisha mpaka wazoee. Wenzangu wote waliomba. Mimi sikuomba, nikapewa. Niliambiwa miezi mitatu, nikakaa miaka minne. Mimi nikishakaa mahali, kunitoa ni kazi.

Nilipanga chumba ghorofa ya saba karibu na barabara ya Guangyuan Xilu, ambako kutwa nzima wachukuzi wanapita na marobota ya nguo. Mlango wa kukabiliana na wangu alikaa Bi Zuhura, Mzanzibari aliyekuwa akinunua nguo za watoto kwenye soko la Shisanhang na kuzipeleka kwao. Mama yule alikuwa na jicho la kuona mshono mbovu kutoka upande wa pili wa barabara, na mdomo wa kuusema hapo hapo, hata kama mwenye duka anasikia. Hasa kama anasikia.

Asubuhi moja alikuwa kwangu anaomba sukari, mlango ukagongwa. Ni Chen, mlishaji mwenzangu kule bustanini, mtu wa makamo, mtulivu, lakini siku hiyo alikuwa anahema kama aliyepanda ghorofa zote saba kwa mbio.

"Feizhou," alisema. Feizhou ni Afrika. Ndilo jina alilonipa, bara zima kwa mtu mmoja. "Mjomba wangu amempiga dubu."

"Kampiga na nini?" Bi Zuhura akadakia. Kichina chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Changu kilikuwa cha sokoni, cha kupunguza bei na kukataa.

Chen akaeleza. Kijijini kwa mjomba wake, mwendo wa saa tatu kwa basi, dubu alikuwa akishuka kwenye mizinga ya nyuki, na wiki iliyopita alimrarua bega mfugaji mmoja. Ofisi ya misitu ikatoa kibali apigwe. Kibali kikaandikwa jina la mjomba huyo, Lao Liang, mwindaji wa miaka arobaini, maana kijiji kizima ndiye aliyebaki na bunduki halali. Jana magharibi dubu akaja. Lao Liang akapiga. Dubu akaanguka, akainuka, akaingia kwenye mianzi. Sasa watu wamejifungia ndani, njia ya kwendea shule inapita chini ya mianzi ile ile, na mzee ameapa kwamba aliyempiga ndiye atakayemmaliza, tena peke yake, tena leo.

"Ana miaka mingapi?" niliuliza.

"Sitini na minane."

"Mwambie asubiri."

"Nimemwambia wewe unakuja, ndiyo maana anasubiri. Lakini amesema mwisho saa sita mchana."

Nikaona nimeshikwa. Nisipokwenda, mzee wa watu anaingia mle peke yake, na mwenye jeraha anamsubiri. Mtu mmoja ana macho mawili tu, nayo yanatakiwa mahali pawili: chini kwenye alama na mbele kwenye hatari. Ndiyo maana kazi hii ni ya wawili. Traka anatazama chini, mwenye bunduki anatazama mbele, na kila mmoja anamwamini mwenzake kama anavyoiamini ngazi aliyoipanda. Ishikeni kanuni hiyo, maana siku ile ndiyo iliyokaribia kutuzika.

Sikuwa na begi la porini. Pundamilia hawahitaji begi. Bi Zuhura akavuka kwake, akarudi na mkoba wa kike wa ngozi nyekundu, kifungo cha dhahabu bandia, sampuli aliyoitoa Shiling kwenye viwanda vya mikoba. Ndani ametia chupa ya chai, chapati nne na roli ya karatasi ya chooni.

"Bi Zuhura, nakwenda kufuata dubu na mkoba huu?"

"Kwani dubu atakuuliza? Na urudi nao, nna mteja."

Hivyo ndivyo traka wa miaka ishirini kazini alivyoshuka kwenye basi mbele ya kijiji kizima, mkoba mwekundu begani. Lao Liang alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake, bunduki mapajani, mtu mwembamba, kichwa kimenyolewa. Mtoto mmoja dirishani akapiga kelele kwamba nimebeba mkoba wa kike, naye akageuza uso upande wangu.

"Mkeo anakuja nyuma?" aliuliza.

Watu wakacheka kupitia madirishani. Nikampenda papo hapo.

Tulianzia kwenye mizinga. Wanangu, msianze kumfuata mnyama, anzeni kumuuliza mpigaji. Alisimama wapi? Ulisimama wapi? Ulipopiga alifanya nini? Mnyama aliyepigwa moyoni huruka au hukimbia kama kichaa, wa tumboni hujikunja mgongo. Lao Liang alijibu vizuri mambo ya masikio na vibaya mambo ya macho. Alijua dubu alikoroma vipi, alivunja mwanzi upande gani, alihema mara ngapi. Nilipouliza kama alijikunja au aliruka, alisema, "Alikuwa pale." Nikadhani ni Kichina changu.

Pale aliposimama dubu nilikuta nywele nyeusi zilizokatwa na kipande cha mafuta kikubwa kama ukucha. Damu hakuna. Nikachana karatasi ya chooni, nikaiacha pale kuwa alama, na kila nilipopata alama mpya niliacha kipande kingine. Hii fanyeni hata leo. Ukigeuka nyuma unaona mstari mweupe unakuonyesha mnyama anaelekea wapi, na mvua ikinyesha mlima unajisafisha wenyewe.

Tukaingia. Mimi mbele nimeinama, Lao Liang hatua mbili nyuma na bunduki, Chen mwisho akiwa na panga alilolishika kama kijiko. Mianzi ile imesongamana, juu hakuna jua, chini majani makavu yanalia kila ukikanyaga. Nikapekua chini. Damu hakuna. Ndipo nikaona ule unyayo wa mtu asiye na viatu. Ukucha ulikuwa umechora tope mbele ya vidole, nikasema ni majani. Mtu akishaamua anachokiona, macho yanamtumikia.

Nikaita laoban wangu kwa karibu saa nzima. Chen hakuuliza, alidhani ni mbinu ya Kiafrika. Lao Liang alinyamaza, nikadhani ni heshima.

Tukafika kwenye mwanzi mnene ulioanguka ukalala kwa urefu wa kiuno. Bosi wangu alikuwa amepita chini yake, lakini alama ya goti hakuna, ya kiganja hakuna. Nikasimama.

"Umeona nini?" Lao Liang akanong'ona.

"Huyu mtu ametambaa bila magoti."

"Mtu gani?"

"Asiye na viatu. Ninayemwita."

Akasema, "Nieleze mguu wake."

"Si huu hapa, mzee, mbele ya kiatu chako."

"Nieleze."

Nikamweleza kisigino, unyayo, vidole.

"Kidole kikubwa kiko upande gani?"

Nikainama. Mguu ulikuwa wa kushoto, na kidole kikubwa kilikuwa upande wa nje, pale ambapo sisi tuna kidole cha mwisho. Hakuna mama aliyewahi kuzaa mtu wa namna hiyo. Damu ikanishuka mpaka kwenye soksi.

Lao Liang akaanza kucheka bila sauti, mabega yanaruka. "Feizhou," alisema, "umekuwa ukimwita bosi wa mlima wote huu. Shukuru hakuitikia."

Nikacheka na mimi, kicheko cha uoga. Lakini kuna kitu kilinikwama. Ule unyayo ulikuwa wazi kama muhuri kwenye barua. Mtu aliyewinda dubu miaka arobaini amesimama juu yake, halafu ananiuliza mimi kidole kiko wapi?

Akanifundisha pale pale. "Usitafute damu chini. Dubu ana mafuta na manyoya. Mafuta yanaziba tundu, manyoya yanakunywa damu. Haidondoki. Tafuta kiunoni kwako, anapojisugua akipita." Nikanyanyua macho. Kwenye mwanzi, usawa wa mkanda wangu, kulikuwa na mpako mwembamba kama mtu aliyefuta brashi ya rangi. Mwanzi wa pili upo. Wa tano upo. Saa nzima nilikuwa nimeipita damu ikiwa imening'inia mbele ya kitovu changu. Nikaweka karatasi. Yule mzee akaupapasa mpako ule kwa kidole, akakinusa. "Utumbo," alisema. Nikanusa. Kweli.

Alijua kila kitu isipokuwa kilichokuwa mbele yake.

Basi nikafanya jambo ambalo silionei fahari. Nilikamata jani lisilo na kitu, bichi, safi, nikamwonyesha hatua moja mbele yake. "Tazama damu hii, mzee. Nyingi sana."

Akaliinamia. "Nyingi," alikubali.

Nikamwambia Chen atusubiri nyuma, nikamwachia chapati. Nikamsogelea mzee sikioni. "Lao Liang, macho yako."

Hakukasirika. Alikaa juu ya mwanzi ulioanguka, bunduki katikati ya magoti. "Unauliza lipi? La kushoto linaona mwanga. La kulia linaona kama kuna mvua."

"Mtoto wa jicho?"

"Miaka miwili sasa."

"Nani anajua?"

"Wewe."

"Na jana ulipigaje?"

"Kwa sikio. Alikuwa anakula asali, anakula kwa kelele kama Chen." Akakaza mikono kwenye bunduki. "Usiwaambie. Wakiichukua bunduki, watu hawatakuja tena kunigongea mlango. Nitabaki mzee tu wa kuoteshwa jua."

Fikirini mlivyo huko mliko, mmelaza miguu. Mbele kuna mnyama mwenye risasi ya tumbo. Bunduki iko kwa asiyeona. Mwenye kuona ni mlishaji wa pundamilia asiye na ruhusa hata ya kuigusa bunduki ile. Turudi? Ofisi ingeleta watu kesho kutwa, labda, na mzee huyu angerudi peke yake mara tu nikipanda basi. Nilimwona shingoni kwamba angerudi. Tuendelee? Jibu safi sikuwa nalo, na mpaka leo, nikiwa kwenye kiti changu na kandambili zangu, sijalipata.

"Simama," nilimwambia. "Nitakuwa nyuma yako, mkono begani. Nikibonyeza kushoto, geuka kushoto. Nikivuta, inua mdomo wa bunduki. Nikikaza, piga hapo hapo."

Tukajaribu kwa kisiki, bila kupiga. Nikambonyeza, nikamvuta, nikakaza. Nikachungulia juu ya bega lake kuufuata mtutu: umekitazama kisiki katikati kabisa. Yule mzee alikuwa mwepesi kama usukani wa gari jipya. Sasa kazi iligeuka juu chini. Mimi ndiye niliyetakiwa nitazame chini na mbele kwa wakati mmoja, jambo lile lile lililonitoa Guangzhou nije kumzuia yeye asilifanye.

Tulikwenda polepole. Hatua tatu, simama. Hatua tatu, simama. Njia ikateremka kuelekea kijito, kisha mpako ukahama: uliokuwa upande wa kulia wa mianzi ukaja kushoto. Mzee Kitundu aliniambia zamani, mnyama aliyechoka kukimbia hugeuka kulala akiitazama njia aliyoijia. Nikaacha kutazama mbele. Nikatazama pembeni, tulikotoka.

Umbali wa hatua kumi na mbili. Nilichoona mwanzoni ni sikio. Mbu alitua juu yake, sikio likatikisika. Nyuma ya sikio, kwenye majani ya kijitoni, mlima mweusi ulikuwa unapanda na kushuka. Alikuwa ametuona kabla hatujazaliwa.

Sitawadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nilifikiria chai yangu, nikafikiria mkoba wa Bi Zuhura kwamba una mteja. Mkono wangu ulibonyeza bega la Lao Liang kushoto. Akageuka bila kuuliza. Nikabonyeza tena. Dubu akainua kichwa, nikaona jicho dogo, la kahawia, lenye uchovu usio na chuki yoyote. Nikavuta bega. Mtutu ukapanda. Dubu akanyanyua kifua. Nikakaza.

Mlio ule nilikaa nao masikioni wiki nzima.

"Amelala?" mzee aliuliza.

"Amelala."

"Kaa kimya. Hesabu pumzi zako hamsini. Halafu tupa jiwe." Nikatupa jiwe, hakutikisika. "Kata mwanzi mrefu, ukatokee nyuma yake, umguse jicho." Vijana, hata mkiambiwa na daktari wa mifugo kwamba amekufa, mguseni jicho kwa mti mrefu kwanza. Wengi waliokufa kwenye kazi yetu waliuawa na wanyama waliokwisha kufa.

Nikamgusa. Alikuwa amekufa kweli.

Tundu la jana lilikuwa nyuma ya mbavu, kwenye tumbo. Alikuwa ameyatafuna manyoya pembeni yake usiku kucha, kama mtoto anayehangaika na kibandiko. Nililitazama muda mrefu. Kwa kilomita mbili nilikuwa nimetazama alama tu, na alama haziumwi. Hilo ndilo jambo moja ambalo siku hizi nawaambia wote wanaonijia kuniuliza habari za kazi: kuna mwenye damu mwisho wa ile damu.

Lao Liang akapapasa mpaka akaupata mguu wa dubu, akakaa, akaegemeza mgongo kwenye ule ubavu mkubwa. Akaniomba chai. Nikafungua mkoba mwekundu, nikammiminia kikombe. Hakukinywa. Alikimwaga taratibu mbele ya pua ya dubu. "Nilikupiga vibaya," alisema. "Ningekuwa naona, usingelala hapa." Hakuwa anazungumza na mimi, kwa hiyo nikafunga chupa.

Chen akaja mbio, akaona, akaangusha panga. Kutoka kijijini wakapanda watu wanane na miti ya kubebea. Watoto waliopita njia ile kesho yake walipita wanaimba. Watu wa misitu walikuja wakamchukua dubu mzima mzima, hata ukucha hawakuacha, ndiyo sheria. Lao Liang alinywa pombe ya mchele na kijiji kizima, mimi nikanywa maji, na kila mtu alimsifu kwa risasi moja ya hatua kumi na mbili kwenye mianzi mizito. Alikuwa akigeukia upande wangu, anatabasamu kidogo. Nami nikanyamaza. Nilijiona rafiki mwema kuliko wote duniani.

Siku hizi mna vyombo. Kuna miwani inayoona joto la mnyama nyuma ya majani, kuna ndege ndogo zisizo na rubani, kuna mbwa waliosomeshwa kuliko mimi. Sividharau. Vingekuwapo siku ile ningekaa nyumbani, na kukaa nyumbani ndiyo starehe yangu. Ila hakuna chombo kati ya hivyo kitakachowaambia kama mwenye bunduki aliye nyuma yenu anaona. Hilo lazima mlitazame wenyewe, na mkishaliona, mlifanyie kitu.

Mimi nilichelewa siku tatu. Siku ya tatu nilipanda tena basi, bila mkoba, nikamkuta Lao Liang kwenye kigoda chake. Nikamwambia mbele ya mkewe kwamba bunduki irudishwe ofisini, na asipoirudisha nitamwambia Chen, na Chen atawaambia wote. Alinitukana kwa Kichina ambacho sikukijua, ikasaidia. Kisha mkewe akaweka chini sinia la machipukizi ya mianzi aliyokuwa akiyamenya.

"Miaka miwili bakuli lako naliweka mahali pale pale mezani," alimwambia. "Ulidhani kwa nini?"

Mzee alipapasa ukingo wa kigoda chake. Halafu akasimama, akaitoa bunduki ukutani, akaniambia, "Twende, Feizhou. Bega lipo." Tulishuka hadi ofisini hivyo, mkono wangu begani kwake, nikimbonyeza kwenye mashimo. Baadaye alipasuliwa jicho moja, akaona. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa kwamba kumbe mimi ni mnene. Watu waliendelea kumgongea mlango, wakitaka kujua nyuki, wakitaka kujua mvua, na wengine wakitaka tu kusikia habari ya Mwafrika aliyemwita dubu bosi.

Lakini msinipe sifa ya safari ile ya pili. Nisingekwenda. Jioni ile niliyotoka mlimani nilirudi Guangyuan Xilu nimechoka, nimejaa majivuno, nikagonga mlango wa Bi Zuhura kumrudishia mkoba wake. Alikuwa amepiga magoti sakafuni anafunga robota la nguo za watoto kwa utepe wa gundi. Nikakaa kwenye robota jingine nikamweleza yote: mpako wa kiunoni, sikio na mbu, mkono begani, jinsi macho yangu haya mawili yalivyofanya kazi ya watu wawili. Nikamweleza na siri ya mzee, na jinsi nilivyoitunza. Aliacha kufunga. Aliukagua mkoba mshono kwa mshono, akakuta tone moja la damu pembeni ya kifungo, akalifuta kwa kidole gumba. Ndipo akanitazama.

"Weye Saidi," alisema, "umemwacha kipofu na bunduki yake, halafu waja hapa kunisifia macho yako?"